Kopo la Mama Vumbi

Kila kitu kiliharibika siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na tatu mwezi wa pili, saa tatu na nusu asubuhi. Naitaja mpaka saa kwa sababu siku hizi ofisini wanasema "mwanzoni mwa mwaka hivi", kana kwamba ni upepo uliovuma ukapita. Haikuwa mwanzoni mwa mwaka hivi. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya friji ya maabara, funguo mkononi.

Mimi ni mtunza stoo wa kituo cha utafiti wa mazao ya nchi kavu. Mwaka wa kumi na tisa huu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kila kilichoingia na kutoka pale kimepita kwenye daftari langu, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wengi wenye vyeti ukutani. Mkuu wa kituo alikuja nyuma yangu haraka haraka, manukato yakimtangulia. Sisi wafanyakazi tunamwita Mapazia. Kwa nini, nitaeleza, msinikimbize.

"Mzee, friji ya jikoni imekufa," akasema. "Wageni wanafika saa nne. Soda ziko wapi?"

"Stoo, bwana. Kreti sita."

"Za moto?"

"Kama zilivyoletwa."

"Niwape wageni soda ya moto? Fungua hii hapa."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na vichupa arobaini na sita vya kioo, vimepangwa kwenye vibao vyake, kila kimoja kimezibwa kwa pamba na kubandikwa namba. Ukikitazama kichupa kwenye mwanga unaona jeli, na juu ya jeli utando mweupe kama tone la maziwa.

Akainama akachungulia. "Hivi ni nini?"

"Bakteria, bwana."

Akaruka nyuma kama amekanyaga kaa la moto. "Bakteria? Mnafuga bakteria kwenye friji halafu mnauliza kwa nini watu wanaumwa matumbo? Toa!"

"Hawa ni wale wazuri, bwana. Wa udongo. Ndio hao hao wageni wanakuja kuwasikia."

"Watawasikia ukumbini. Toa, panguza kwa dawa, panga soda. Nusu saa tu. Zikishapoa utarudisha vidubwasha vyako."

Mtu aliyewekwa kuongoza kituo kizima cha udongo na mbegu, na hajui kwamba kuna bakteria wa ugonjwa na kuna bakteria wa shibe! Waliomleta walimtoa kwenye ofisi ya majengo. Anajua rangi ya kuta. Basi nikatoa. Andikeni hivyo hivyo, sijifichi: niliyetoa ni mimi. Mikono ilikuwa yangu, mdomo haukuwa wangu.

Nikavipanga kwenye kreti tupu, nikaiweka baraza ya nyuma, kivulini, nikaifunika gunia nililolilowesha. Kisha nikaitwa nibebe viti. Nikaitwa nishike mlango. Nikaitwa nitafute kifungulia chupa, nikafungua soda moja moja kama mhudumu wa harusi, na chupa zilitoka jasho zuri kweli, soda zilipoa. Wageni walikunywa wakasifu. Mbele yao amesimama mtaalamu wetu wa maabara, binti mdogo tunayemwita Dada Hadubini kwa sababu jicho lake halibanduki kwenye hadubini, anawaonyesha picha za bakteria hao hao ukutani. Anawaeleza namna wanavyoingia kwenye mizizi ya kunde na kuifanya istahimili ukame. Watu wakapiga makofi. Bakteria wenyewe walikuwa nje nyuma ya ukuta huo huo wanapikwa.

Maana jua haliombi ruhusa. Saa sita lilikuwa limezunguka upande wa nyuma, na gunia lilikuwa limechukuliwa na dereva wa wageni kufutia vumbi la gari. Nilipoponyoka saa nane nikakuta kreti inawaka. Nilishika kichupa kimoja nikakiachia.

Dada Hadubini alinikuta nimepiga magoti. Hakupiga kelele. Alichukua kichupa, akakigeuza, akaona jasho limejaa ndani ya kioo na jeli imekunjamana.

"Baba," akasema, "nani katoa hivi?"

"Mimi."

"Nani kakuambia?"

Nikageuza shingo. Mapazia alikuwa amesimama mlangoni, chupa ya soda mkononi, mrija mdomoni. Akavuta mpaka ikalia kwa chini. Akasema, "Tutalichunguza hilo," akarudi kwa wageni.

Sasa mnielewe kilichokuwa kwenye vichupa vile, maana mtasema mzee analilia jeli.

Mke wangu alikuwa kibarua pale pale kituoni, wa kupalilia. Miaka kumi na moja na jembe, mkataba hana. Mwaka ule wa kiangazi kibaya kunde za majaribio zote ziligeuka njano, wataalamu wakawa wanapita na karatasi zao wakitikisa vichwa. Mke wangu akaona mistari miwili ya mwisho, karibu na kichaka cha miiba nyuma ya karakana, iko kijani kibichi. Maji ni yale yale, jua ni lile lile. Hakumuuliza mtu. Akachimba chini ya kile kichaka, akajaza udongo kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaenda nao kwenye kibustani chake nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Kila shimo la kunde, konzi moja ya ule udongo.

Walimcheka. Wakamwita Mama Vumbi. "Mama Vumbi, leo unapika nini, mchuzi wa mchanga?" Naye anajibu, "Ukikauka wewe nitakuwekea konzi moja kisogoni, labda utachipua akili." Tukavuna. Jirani zetu wakavuna maganda matupu.

Dada Hadubini alipoajiriwa ndiye wa kwanza kuacha kucheka. Aling'oa mche wa mke wangu, akaosha mizizi kwenye beseni, akamwonyesha vifundo vidogo vidogo kama shanga. Akakata kimoja kwa wembe. Ndani chekundu, kama nyama.

"Mama, unaona? Wamo humu ndani, wanafanya kazi. Hewani kuna chakula ambacho mmea hauwezi kukila wenyewe. Hawa wanakikamata, wanaulisha, na mmea unawapa sukari. Kifundo kikiwa cheupe ndani, ujue wamelala au hawafai kitu. Hawa wako wa kichaka wamezaliwa kwenye joto, wamelizoea. Wale wa viwandani tunaoletewa wanakufa wiki ya kwanza."

"Kumbe wana kazi na mkataba," mke wangu akasema. "Wamenishinda."

Basi vile vichupa arobaini na sita vilitoka kwenye konzi ya mke wangu. Kutoka vichupani Dada Hadubini alikuwa anawazalisha, anawachanganya na unga mweusi wa mboji, mimi nafunga pakiti. Mkulima anachukua pakiti, anailowesha kwa maji ya sukari ili unga ushike, anaviringisha mbegu kivulini, anapanda siku ile ile. Misimu mitatu. Hata shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye shamba lake ni kama kiganja cha mkono kwa ukavu, alipata kunde za kula na za kuuza. Kwenye pakiti waliandika namba ya kituo na jina la Mapazia. La mke wangu halikuwepo. Nilipouliza, niliambiwa nafasi haikutosha.

Kuhusu mapazia yenyewe. Mwezi wa kumi na moja mke wangu alizidiwa, pumzi ikawa haipandi. Nilikimbia kuomba gari la kituo. Lililokuwa zima ni moja tu, nalo limetumwa mjini kuleta mapazia ya ukumbi mpya, kwa sababu wageni wangekuja miezi mitatu baadaye. Liliporudi jioni, mapazia yalikuwa yamekunjwa vizuri kiti cha nyuma, na mke wangu alikuwa amefunikwa shuka. Mkuu alinipa mkono wa pole. Laini ule mkono, kama wa mtoto.

Hayakuishia hapo. Alipozikwa, nikaambiwa mgane hahitaji vyumba viwili, nikahamishiwa chumba kimoja upande wa juani. Kibustani chake kikachimbwa shimo la choo. Wiki moja kabla ya wageni, trekta likasawazisha nyuma ya karakana ili magari yapate pa kuegesha, kichaka kikang'olewa, kokoto zikamwagwa, oili ikafuata. Mnaona? Mtu mmoja, kwa mwaka usiotimia, alifuta kila mahali bakteria hao walipoishi, na friji ilikuwa pa mwisho.

Dada Hadubini alihangaika wiki tatu. Kila kichupa alikichokoa, akajaribu kuotesha upya. Uliota ukungu tu. Nikamuuliza, hawa si wamezoea joto?

"Udongoni, baba, kila mmoja ana punje yake ya kujificha. Kwenye chupa wako uchi."

Alichimba pia chini ya kokoto. Hakuna. Ndipo barua ilipotoka, na haikuja kwa Mapazia. Ilikuja kwangu. "Uzembe uliokithiri wa mtunza stoo." Maneno matano, na chini nafasi ya kuweka sahihi yangu kukiri. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Siku ile jioni, jua halijazama, Dada Hadubini akaja chumbani kwangu. Alikaa kwenye ndoo, kiti sina.

"Baba, nisamehe kwa nitakachouliza. Mama hakuwa mtu wa kukaa bila akiba. Hakuacha mbegu ya udongo?"

Nilikuwa nimeapa nisimwambie mtu. Lakini yule binti alikuja na macho mekundu, naye ndiye pekee aliyewahi kumwita mke wangu mama kwa maana ya mama. Nikavuta kopo kutoka chini ya kitanda.

Lile lile la mafuta ya kupikia, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Udongo umejaa nusu na zaidi kidogo, mkavu. Alikuwa ameuweka kwa ajili ya msimu aliokufa kabla haujafika. Dada Hadubini alishika kinywa. Kisha akatoa kipimajoto mfukoni mwa koti lake jeupe, akakilaza chini ya kitanda, akangoja.

"Thelathini na nane," akasema. "Na hii ni jioni. Baba, wanaweza kuwa hai. Wanalala kwenye udongo mkavu, miezi, hata zaidi. Lakini kila siku ya joto hili wanapungua. Nipe kijiko kimoja tu, nitaanza upya."

Akanyoosha kijiko. Nikafunika kopo.

"Kijiko ukipeleke wapi? Kwenye friji ya soda?"

"Nitaweka kufuli."

"Funguo za kufuli atakuwa nazo nani?"

Akakirudisha kijiko mfukoni. Anajua ofisi ile kama ninavyoijua.

Sikumlaumu kwa kilichofuata, alidhani anasaidia. Alipeleka ombi rasmi, na kesho yake saa mbili nikaitwa ofisini. Mapazia ananisubiri na karatasi mbili. Kiti kipo, hakunikaribisha.

"Mzee wetu," akaanza, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, "kumbe umetuokoa na hatujui. Una udongo wa kituo nyumbani."

"Nina kopo la mke wangu."

"Mkeo alikuwa kibarua wa kituo. Alichochota, alichota ardhi ya kituo."

"Alipokuwa akiumwa hakuwa wa kituo. Leo kopo lake ndilo la kituo?"

Akakohoa. "Tusichanganye mambo. Karatasi hii unakabidhi kopo. Hii ya pili unakubali uzembe, tunakusamehe, yanaisha. Na mmea wowote utakaooteshwa kwa udongo huo, popote pale, ni mali ya kituo. Nimeiweka wazi hiyo, kifungu cha tatu."

"Mimi nina karatasi moja tu," nikamwambia. Nilikuwa nimeiandika kwenye ukurasa wa daftari la stoo, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaiweka juu ya zake. Ilikuwa na swali moja: Nani aliagiza bakteria watolewe kwenye friji Alhamisi tarehe ishirini na tatu? "Jibu hapo chini, weka sahihi, piga muhuri. Siku hiyo hiyo kopo nalileta mwenyewe, nimelibeba kichwani."

Alisoma. Uso ukabadilika ukawa kama wa mbuzi aliyenyeshewa. "Unanitishia mimi?"

"Nauliza tu."

"Toka nje."

"Na karatasi yangu?"

"Toka!"

Nikatoka. Karatasi ilibaki. Nilimwambia katibu wake aigonge muhuri wa kupokelewa, akaigonga, naye anamchukia Mapazia.

Nilidhani nimeshinda. Nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele, mtu mzima wa miaka sitini na moja. Wafanyakazi wenzangu wakaniita shujaa, bila shaka kwa sauti ya chini, wasisikike.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya na shemeji yangu akaja.

Huyu mwanamke ana ulimi kama dada yake, tofauti ni kwamba dada yake alikuwa anacheka akimaliza. Aliingia bila hodi, matope yaliyokauka miguuni, mfuko mtupu begani.

"Shemeji, nimesikia umekuwa mwanasiasa."

"Karibu ukae."

"Sikai. Mashimo yangu yako wazi, yananikodolea macho. Ofisini nimeambiwa pakiti hakuna mpaka huko mbele. Nimepanda mistari miwili bila kitu kwenye unyevu wa juzi, imeota njano tangu utotoni. Nipe konzi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Nikamtajia kifungu cha tatu. Nikamweleza kwamba nikimpa konzi watamfuata mpaka shambani, watang'oa kunde zake, watasema mali yao. Watakuja na gari. Gari la kuja kunyang'anya halikosekani kamwe.

"Waje," akasema. "Waje wang'oe nikiwa nimeshakula majani yake. Wewe unanilinda kwa njaa?"

"Nangoja jibu."

"Jibu gani?"

"Nani aliagiza watolewe."

"Si unajua nani! Mimi najua. Mbuzi wa hapo nje wanajua!"

"Nataka aandike."

Akatupa mfuko wake chini. Kisha akainama, akavuta kopo mwenyewe kutoka chini ya kitanda, akafungua kitambaa kabla sijamkamata mkono. Akaona.

Juu ya ule udongo kuna mifuo minne. Ni vidole vya mke wangu, vya mara ya mwisho alipochota. Udongo ulikuwa na unyevu kidogo siku ile, ukakauka hivyo hivyo, alama zikabaki, hata pale kucha ya kidole cha kati ilipovunjika panaonekana. Kwa hiyo kijiko sikukubali. Kwa hiyo kila Jumapili nafungua, natazama, nafunga. Sikumwambia Dada Hadubini, na nyinyi nimewaambia kwa sababu tayari shemeji ameshaona na hawezi kufunga mdomo.

Alilia, shemeji yangu. Alilia amesimama, bila kujifuta. Nikajua amelainika, sasa atanielewa, atafunga kopo taratibu tukae tumzungumze marehemu. Alifunga kopo, ndiyo. Akalirudisha chini ya kitanda. Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa haraka.

"Linachoma," akasema.

"Bati hili. Chumba walichonipa."

"Dada hakumnyima mtu hata konzi moja. Hata waliomwita Mama Vumbi aliwapa."

"Na wakamfanyia nini?"

"Hawakumfanyia kitu, na aliwapa." Akachukua mfuko wake mtupu, akauzungusha mkononi kama kamba. Mlangoni akageuka. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa machache juu ya bati, yale ya kukudanganya. Akaniuliza swali moja akaondoka zake, akilowa, bila kukimbia.

Leo ni wiki ya tatu. Mapazia hajajibu karatasi yangu. Nimemuuliza katibu, iko kwenye faili. Barua yangu ya uzembe bado iko mfukoni, haina sahihi. Mvua imekuja mara mbili na nyingine imetangazwa. Dada Hadubini hupita dirishani asubuhi akienda kazini, ananisalimia, anatazama uvunguni mwa kitanda, anaendelea na njia yake. Kipimajoto alikiacha. Jana mchana kilisoma arobaini na moja.

Na swali la shemeji yangu nimelizungusha kila upande, nimemtukana kwa ajili yake mara nyingi peke yangu humu ndani. Aliuliza hivi:

"Shemeji, wale wa friji unajua aliyewaua. Hawa wakiishia humo koponi, hiyo karatasi yako ya kuuliza nani kawaua utampelekea nani?"